Re: Simu au Sony ZV-1 kwa safari ya Zanzibar?

Salaam mkuu. Unauliza ubaki na simu au ununue Sony ZV-1, kamera ndogo ya video. Shida zako ni mbili: video za usiku Forodhani zina chengachenga, na upepo wa baharini unameza sauti.

Kabla hujatoa hela, futa lenzi ya simu; mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ile michirizi kwenye taa. Kisha tumia kamera kuu tu, 1x. Ile ya kupanua (0.5x, inayoonyesha eneo pana) huwa na sensa ndogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, usiku inachafua picha. Shusha fremu, zile picha moja moja zinazounda video, kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde, kila fremu ipate muda wa kunywa mwanga. Upepo dawa yake ni maikrofoni ya kubana kwenye kola, yenye manyoya.

Bado hairidhishi? Hapo ZV-1 ina maana: sensa ya inchi 1, lenzi f/1.8 (tundu pana la kuingiza mwanga), manyoya ya maikrofoni yamo kwenye boksi. Ila betri yake, NP-BX1, ni ndogo kama kiberiti, beba tatu. Na video ya 4K (ubora wa juu) ikijikata baada ya dakika 5 hivi, usikimbilie fundi, inajizima kwa joto: ingia menyu, weka "Auto Power OFF Temp." kwenye High. Haina kinga ya maji, kwenye boti ifungie kwenye mfuko usiopitisha maji.