Ukiajiriwa kiwanda cha nguo, jua kazi ipi hufutwa kwanza

Ukipokelewa kiwanda cha nguo hapa Tanzania, usiulizie mshahara tu. Ulizia na mashine za kufuma ni za aina gani. Ya shatoli (chombo kinachokwenda huku na huko) hubeba uzi wa mshindio, yaani ule unaokatiza upana wa nguo, kwenye kijiti kidogo kinachoisha baada ya dakika chache, ndiyo maana kuna idara nzima ya kujaza vijiti. Ya upepo hurusha uzi kwa hewa, ikiuvuta moja kwa moja kutoka kwenye koni kubwa, na hupitisha nyuzi zaidi ya 600 kwa dakika, wakati ya shatoli hufika kama 200. Kiwanda kikiweka hiyo ya upepo, mfumaji huongezewa mashine za kusimamia, lakini idara ya vijiti hufutwa yote. Kama umepangwa huko, omba mapema kwenda karakana ukajifunze kompresa, mashine inayosukuma hiyo hewa. Hewa yenye mafuta au maji huacha madoa kwenye nguo, kwa hiyo fundi wa vichujio ana kazi kila siku.

Soko likidorora dalili huonekana bohari: majora yanarundikana, ovataimu inakatwa, vibarua hawaitwi, zamu tatu zinakuwa mbili. Hapo anza kutunza hati za mshahara na mkataba wako nyumbani, siyo kwenye kabati la kazini.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri hatoi barua za kupunguza watu kwanza halafu ndipo aite kikao. Hutoa taarifa ya kusudio, huweka wazi sababu, kisha hushauriana na chama cha wafanyakazi (viwandani mara nyingi ni TUICO) kuhusu njia za kuepuka punguzo na vigezo vya kuchagua. Kigezo cha aliyeingia mwisho kutoka kwanza kitakugusa wewe mgeni. Ujuzi adimu nao huzingatiwa, basi cheti cha mafunzo kiwepo kwenye faili lako.

Usikubali kamwe kuandika barua ya kujiuzulu eti malipo yatoke haraka. Anayejiuzulu hana kiinua mgongo. Anayepunguzwa, akiwa ametimiza miezi 12, hupata siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Mshahara wa msingi wa 390,000 kwa wiki ya siku 6 ugawe kwa 26: siku moja ni 15,000, mwaka mmoja 105,000, miaka sita 630,000. Juu yake kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na likizo ambayo hujachukua.

Ukiona umeonewa, jaza fomu namba 1 ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30. Wengi huzipoteza wakisubiri malipo, na siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa.