Shefu wa mradi tunaye, huyu mchambuzi ni wa nini?

*Yaya, jambo. Ninashika keshi kwenye depo ya saruji na unga hapa Lubumbashi. Patroni anataka tuache vitabu, tutumie programu ya kompyuta. Shefu wa mradi tunaye tayari. Sasa ameleta mwingine, anaitwa mchambuzi wa biashara. Anashinda karibu na dirisha langu akiuliza: hii kwa nini, ile kwa nini. Wenzangu wanasema anatupeleleza tufukuzwe. Kazi yake hasa ni ipi?*
— Keshia, Katuba

Mdogo wangu, shefu wa mradi anashughulika na tarehe, pesa na watu. Mchambuzi anaanza kabla ya hapo: tatizo la depo ni lipi, na je, programu hiyo italimaliza? Niliifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kukalia safu hii. Mapatroni hawalipendi swali hilo, maana mara nyingi muuza programu ameshapewa avansi.

Tazama dirisha lako mwenyewe. Bei ni ya dola. Mteja anatoa dola kiasi, anajaziliza na franka, na kiwango cha asubuhi si cha jioni. Noti ya dola yenye mpasuko mdogo unaikataa. Chenji unarudisha kwa franka. Mkutanoni patroni hayataji hayo, na muuza programu kutoka nchi ya sarafu moja hawezi kuyawaza. Ukimficha mchambuzi mambo hayo, mtaletewa programu yenye nafasi moja tu ya malipo, jioni keshi ikatae kulingana, na atakayeitwa ofisini ni wewe.

Halafu kuna wa stoo, anayemtolea mteja wa zamani mifuko kabla hajalipa, deni akaliandika kwenye kidaftari chake. (Kila depo ninayoijua ina kidaftari hicho.) Programu itamnyang'anya mamlaka hayo, naye hatakubali kimyakimya. Mchambuzi anatakiwa kuliona mapema na kulipeleka mezani: nani atakopeshwa, hadi kiasi gani, kwa idhini ya nani? Kuamua ni kwa patroni.

IIBA, chama cha kimataifa cha wachambuzi hao kilichoanzishwa Kanada mwaka 2003, kinaieleza kazi yao kuwa ni kuwezesha mabadiliko, kwa kubainisha mahitaji na kupendekeza suluhisho lenye faida kwa wanaohusika. Anayeshika keshi anahusika.

Kuhusu kufukuzwa, sikudanganyi. Mchambuzi hafukuzi mtu, lakini akikuta watu wawili wanaandika hesabu ileile kwenye vitabu viwili, ataliandika hilo. Muulizeni patroni waziwazi, shefu wa mradi akiwepo, watu hao watapewa kazi gani. Mchambuzi hana jibu la kuwapa.

Na kabla orodha ya mahitaji, yaani yale ambayo programu inatakiwa kufanya, haijatiwa sahihi, omba usomewe sehemu ya keshi. Sikiliza kama imetaja malipo ya sarafu mbili, na mauzo yatakavyoendelea umeme ukikatika mteja akiwa dirishani. Sikiliza pia kama kuna majuma ya kuandika vitabu vya zamani sambamba na kompyuta. Hayo majuma ndiyo hufutwa kwanza mradi ukichelewa. Ukikuta yamefutwa, mwambie mchambuzi ayarudishe, na wa stoo naye aseme hivyohivyo.