Kusomesha Watoto Nyumbani: Majibu Kutoka Meza ya Jikoni

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, Texas, na huu ni mwaka wa sita nasomesha wanangu nyumbani. Kifungua mimba ana miaka 12, wa kati 9, kitinda mimba 5. Baba yao ni dereva wa lori la masafa marefu. Mwezi huu nimechagua barua nne.

Shikamoo dada. Tumewatoa shule watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine 10, na nina mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Nilipanga ratiba kamili, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, vipindi vya dakika 40, hata kengele nilinunua. Hii ni wiki ya tatu. Ikifika saa tano kila mtu analia, na mimi nikiwemo. Nguo chafu zimejaa bafuni, na jana usiku tumekula mkate na chai. Niwarudishe shule? — Mama Watatu, Fort Worth

Marahaba mdogo wangu. Usiamue jambo kubwa hivyo ukiwa umechoka. Kengele iweke kabatini, halafu tuzungumze.

Umejaribu kuhamishia shule sebuleni, na shule haienei sebuleni. Mwalimu mwenye watoto ishirini na kitu anahitaji vipindi na kengele kwa sababu lazima apange mistari, agawe madaftari, asubiri wa mwisho amalize. Wewe unao wawili, unakaa nao bega kwa bega. Hesabu ya kugawanya inayokula kipindi kizima darasani, mezani kwako inaisha kwa robo saa, maana unaona pale pale penseli ilipokwama. Kwangu, wa miaka 9 anakaa na vitabu saa mbili na nusu kwa siku. Mkubwa anafikisha jumla ya saa nne. Mdogo ni nusu saa tu, tena nimeikata vipande viwili. Aliyemaliza amemaliza, haongezewi kazi kwa kuwa amewahi. Ukimwongezea, kesho atajifunza kujikokota.

Tunaamka saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya kitabu, nyumba kwanza: mkubwa anapanga vyombo vilivyokauka, wa kati anafagia, mimi natia fungu moja la nguo kwenye mashine. Fungu moja kila siku, usingoje Jumamosi. Kila mtoto ana siku yake ya kufuliwa, na mwenye nguo ndiye anayekunja. Tangu tulipoanza hivyo sijaona tena mlima wa soksi zisizo na mwenyewe. Saa mbili na nusu tunakaa. Hesabu inatangulia, akili zikiwa bado safi, na hapo simu yangu iko chumbani. Baada ya hesabu ni kusoma kwa sauti, kisha kuandika. Mchana, kila mtu na lake.

Huyo wa mwaka mmoja na nusu ndiye ufunguo wa nyumba yako, na nadhani umemweka mwisho. Wengi tunafanya hivyo: tunasubiri alale ndipo tusome, naye anahisi anasukumwa, anazidi kung'ang'ania. Mpe yeye zile dakika 20 za mwanzo. Mkalishe mapajani, mwimbie, mcheze. Kisha toa sanduku ambalo halionekani saa nyingine yoyote. La kwetu lilikuwa na mifuniko ya sufuria, mwiko, vikombe vya plastiki na kitambaa chekundu. Somo likiisha, sanduku linarudi juu ya kabati, na ndiyo maana kesho litakuwa jipya tena. Wakubwa nao wapeane zamu ya kucheza naye, dakika 20 huyu, dakika 20 yule, wakati wewe uko na aliyebaki mezani.

Kuhusu chakula cha jioni, kipike mchana. Mimi Jumapili nachemsha maharage kilo mbili, nayagawa kwenye mifuko, yanaingia friza. Jioni ni kuyaunga tu kwa kitunguu na nyanya, na ugali dakika kumi. Tena mkate na chai usiku si dhambi, mdogo wangu. Watoto walishiba.

Hujataja baba watoto, ila kama yupo, apewe somo lake hata akiwa mbali. Wangu anatutumia picha ya kipimo cha maili cha lori anapoondoka na anapofika, na wa kati anatoa, kisha anageuza maili kuwa kilomita. Houston hadi San Antonio ni kama maili 200, na yeye ameshajua bila kuuliza kwamba ni kilomita 320 hivi. Baba akirudi, ndiye anayekagua majibu.

Jambo la mwisho: nunua daftari moja kubwa, na kila jioni andika mistari mitatu. Nani amefanya nini, wapi amekwama, kesho tuanzie wapi. Mistari mitatu, usizidishe. Siku utakayojiona hujafanya lolote, fungua nyuma mwezi mmoja.

Habari za kazi, dada. Nimesikia mtu akimtoa mtoto shule anafuatwa na polisi. Tuko Texas na pacha wa miaka 8, na huenda kazi ikatuhamishia New York. Sheria inasemaje? — Baba Pacha, Austin

Kaka, Texas ni rahisi kuliko watu wanavyotishana. Sheria inataka mtoto asome tangu miaka 6 hadi afike 19. Shule ya nyumbani inahesabiwa kuwa shule binafsi, na hilo lilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya Texas mwaka 1994 katika kesi ya Leeper. Unatakiwa uwe na mtaala wa kweli, wa vitabu au wa kompyuta, wenye mambo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Huombi kibali, na hakuna mtihani wa serikali.

Ila usimwache mtoto aliyeandikishwa shule ya serikali apotee tu siku moja. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, maana kwenye daftari la shule ni mtoro. Andika barua ya kumtoa, taja tarehe atakayoanza nyumbani, weka sahihi, baki na nakala.

New York ni nyumba nyingine kabisa. Huko unaipa wilaya ya shule taarifa kila mwaka, unawasilisha mpango wa masomo wa kila mtoto, unapeleka ripoti kila robo mwaka, na mwisho wa mwaka kuna tathmini. Mkihama, yasome hayo kabla ya kufunga mizigo. Lile daftari la mistari mitatu nililomwambia Mama Watatu litakuokoa siku za ripoti.

Na dada aliyeniandikia kutoka Ujerumani: huko mtoto lazima aende shule yenyewe, nyumbani hakuruhusiwi kuchukua nafasi yake. Lakini jioni na Jumamosi ni zako, na jibu linalofuata ni lako pia.

Hujambo dada. Wanangu wana miaka 5 na 8. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Bibi yao akipiga simu kutoka Morogoro wanakimbilia chumbani. Nasomesha nyumbani lakini vitabu vyote ni vya Kiingereza. Nianzie wapi? — Mama J., Minneapolis

Sijambo mpenzi. Barua yako niliisoma mara mbili, kwa sababu wa kati wangu naye alikimbia simu ya bibi yake mpaka alipofika miaka 7.

Huyo wa miaka 5 mfundishe kusoma kwa Kiswahili kwanza. Hii ni imani yangu na nimeifanya kwa watoto wote watatu. Lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa: irabu ni tano na sauti zake hazibadiliki. Wiki ya kwanza ni a, e, i, o, u. Ya pili ma, me, mi, mo, mu, na hapo tayari anasoma mama na mimi. Ongeza ba na ta, anapata baba, babu, bibi, tatu, na matumaini ya kusoma sentensi. Silabi ziandike kwenye vipande vya boksi la unga wa sembe, azipange mezani mwenyewe. Ng'ombe na ngoma visubiri mpaka silabi nyepesi zimekaa. Kitinda mimba wangu alianza Septemba, na kufikia Januari alikuwa ananisomea ujumbe wa shangazi yake kwenye simu.

Kiingereza kitakuja, usiogope. Kitaleta mchanganyiko wa miezi michache, basi. Mkubwa wangu alipoanza kitabu cha Kiingereza alikutana na neno same, akalisoma bila kusita: Same. Akaniuliza kwa nini kitabu kinataja ule mji wa Kilimanjaro tunaopita na basi tukitoka Tanga kwenda Moshi. Nilimweleza kwamba Wazungu wanaandika herufi nyingine na kuziacha kimya, na kwamba hilo ni la kukariri. Alikubali. Alikwisha kujua kwamba kusoma anaweza.

Huyo wa miaka 8 mwanzishe na saa ya ukutani, ile ya mishale. Watoto wetu wanachanganyikiwa hapa kuliko mahali pengine: mama anasema saa mbili, kompyuta inasema nane. Usimwambie aongeze sita au apunguze sita. Mwonyeshe mshale mfupi, kisha mwambie atazame namba iliyo upande wa pili wa duara, moja kwa moja. Mshale ukiwa kwenye 8, ng'ambo yake ni 2: saa mbili. Ukiwa kwenye 12, ng'ambo ni 6: saa sita. Haikosei kamwe. Na mweleze sababu. Kwetu jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Minneapolis ambako jua la Desemba linachelewa na la Juni linawahi, hilo atalionea ajabu, na ni somo zuri la jiografia.

Nikuambie jambo nililoliona kwa macho yangu. Wa kati alikuwa na miaka 7 na sehemu za hesabu zilimshinda kabisa. Robo, nusu, robo tatu, akizichora kwenye daftari anazifuta mpaka karatasi inatoboka. Siku moja tulikuwa tunakanda mandazi. Unga vikombe vitatu, hamira, iliki, sukari, na tui la nazi robo tatu ya kikombe. Kikombe cha kupimia cha nusu kilikuwa kimepotea, nikampa kile kidogo cha robo na bakuli la tui. Akasimama. Akakitazama kikombe, akaitazama saa ukutani, halafu akasema taratibu, "Mama, ni kikombe kimoja kasorobo." Akamimina mara tatu, akaacha. Nilikaa chini kwenye kiti. Saa ya Kiswahili ilikuwa imemfundisha sehemu muda wote huo, nusu, robo, kasorobo, na daftari halikuwa na habari.

Kwa hiyo, dada, pika nao kwa Kiswahili. Pimeni, hesabuni, ulizaneni. Mtoto anapojibu kwa Kiingereza usimkaripie wala usijifanye humsikii. Rudia jibu lake kwa Kiswahili, kwa upole, endelea na kazi. Wa kwangu aliacha kukimbia simu siku bibi yake alipomwuliza mandazi yanatiwa nini, kwa sababu siku hiyo alikuwa na la kusema.

Mwanangu, binti yangu yuko Atlanta, anamsomesha mjukuu wangu wa miaka 11 nyumbani. Kila nikiwaona kwenye simu mtoto yuko jikoni au bustanini. Sioni darasa. Anasoma kweli? — Bibi, Korogwe

Shikamoo bibi. Wasiwasi wako ni wa haki, na mama yangu mzazi aliniuliza swali hilohilo.

Usimwulize binti yako, atajitetea. Mwombe mjukuu akusomee ukurasa mmoja kwenye simu, akueleze alichosoma. Siku nyingine mpe hesabu ya dukani: sukari kilo mbili, mchele kilo tatu, noti mbili za elfu kumi, chenji kiasi gani. Utajua mwenyewe ndani ya dakika tano. Ukiona amekwama pakubwa, hapo zungumza na binti yako, faragha, mtoto asisikie.

Na umfundishe, bibi. Mama yangu ana kipindi chake kwetu kila Alhamisi, saa moja usiku ya Tanga, ambayo kwetu wakati wa joto ni saa tano asubuhi, na Novemba saa za huku zikirudishwa nyuma inakuwa saa nne. Anawategea vitendawili. Mkubwa ana daftari lake maalumu, kila kitendawili anakiandika na jibu lake, na mwezi uliopita alifika cha sitini. Alhamisi iliyopita bibi yao alianza, "Kitendawili!" Wote wakaitika, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango…" Kabla mkubwa hajafungua mdomo, yule wa miaka 5 alikuwa ameshakimbilia friji, amerudi na yai mkononi, analionyesha kwenye simu.