Ukimtaka yavuyavu wa mikoko, anza na mwanga

Anayetaka kumwona Tripedalia cystophora, yavuyavu mdogo wa mikoko ya Karibi, asipoteze muda kulitafuta umbo lake majini. Mwavuli wake, yaani mwili wake, ni angavu kama kioo na upana wake ni kama sentimita 1 tu, na maji ya kwenye mikoko hayakosi tope. Mimi, nilipokuwa katika mikoko ya Puerto Rico, nilianza na miale ya jua inayopenya kati ya majani, kwa sababu humo ndimo hukusanyika makundi ya kopepodi, wanyama wadogo sana wa majini, anaowala. Yavuyavu huogelea ndani ya mwale, na akishatoka nje yake hugeuka akarudi.

Kwa hiyo nenda jua likiwa juu na anga ikiwa haina mawingu, usimame kimya pembeni mwa mizizi bila kuvuruga matope, kisha uutazame mwale ambao nyuma yake pana mzizi mweusi. Utakachokiona kwanza huenda kikawa minyiri: iko 12, mitatu mitatu katika kila pembe ya mwavuli. Sumu yake si tishio kwa binadamu, tofauti na ile ya baadhi ya jamaa zake wa Australia, lakini sioni sababu ya kumshika mnyama laini kiasi hicho.

Ukimchota kwa glasi ili umtazame vizuri, mrudishe chini ya mti uleule. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ana macho 24, yaliyopangwa sita sita katika vishada vinne, na kila kishada kina fuwele nzito inayofanya jicho moja lielekee juu daima, hata mwili ukigeuka. Kwa macho hayo huyatazama matawi kupitia uso wa maji, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba anaweza kuyatambua akiwa umbali wa takriban mita 8. Ukimmwaga katikati ya mkondo mpana, umemnyima dira na chakula kwa pamoja.

Wala usimkawize kwenye glasi. Mwaka 2023 watafiti walieleza kwamba yavuyavu hawa, ingawa hawana ubongo, walijifunza kwa dakika 7 na nusu tu kukwepa ukuta wa chombo chenye mistari ya kijivu iliyofanana na mizizi ya mbali. Ukuta wa glasi tupu hauna mstari wowote wa kumwonya, naye ataendelea kuugonga.