Maswali na majibu: Kusoma kwa masafa

Je, shahada ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania inatambulika kama za vyuo vingine? (Karani, Singida)

Inatambulika. Chuo hicho kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu kama vyuo vingine nchini. Swali hili linaletwa kila mara na watu ambao wangeweza kulipatia jibu ofisini kwa Tume. La kuuliza ni kama kozi yenyewe imeidhinishwa, na hilo huulizwa kabla ya kulipa ada.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila wiki nasema nitasoma Jumamosi, lakini Jumamosi huishia kwenye misiba na harusi. Nifanyeje?

Ndugu mwalimu, wanaokwama katika masomo ya masafa si wasio na akili, bali wengi ni wale walioyachukua kama masomo ya kusomwa nafasi ikipatikana. Muhula unapoanza, andika tarehe za majaribio na za mitihani ukutani, kisha uhesabu kurudi nyuma hadi leo ili ujue kila mada ina siku ngapi. Chagua saa ambayo hakuna anayekuhitaji, kama saa kumi na moja alfajiri, uiache simu chumba kingine, na kila unapomaliza mada ujibu kwa mkono swali moja la mtihani uliopita bila kufungua kitabu. Waeleze mwenzi wako na mwalimu mkuu kuhusu ratiba hiyo mapema, maana wasioijua wataivuruga bila kukusudia. Wala usiyakose masomo ya ana kwa ana, kwani huko ndiko utakapopata wenzako wa kujisomea nao.

Bando linaniishia kabla ya kumaliza kusoma.

Pakua vitini ukiwa kwenye kituo cha chuo mkoani kwako, kisha usome nyumbani bila intaneti.

Kuna kijana ananiandikia kazi za chuo kwa malipo kwa sababu nabanwa na ofisi. Kuna ubaya gani?

Huo ni udanganyifu, na chuo kikiugundua unaweza kufukuzwa. Hata usipogunduliwa, utaingia chumba cha mtihani peke yako, huku kijana uliyemlipa ndiye aliyejifunza. Mgonjwa, mwanafunzi au mteja atakayekuja kwako kesho anaamini cheti chako, na hilo linaniuma kuliko ada uliyopoteza. Anayeipa akili mnemba kazi nzima imwandikie yumo katika kosa hilo hilo. Ikiwa kijana huyo ana nywila yako, ibadilishe leo.

Nimeahirisha mitihani miaka miwili. Nianze upya?

Usiamue ukiwa nyumbani. Nenda kituoni kwako wiki hii na namba yako ya usajili, uombe taarifa ya matokeo yako na uulize umebakiwa na muda gani, kwa kuwa shahada ina ukomo wa miaka. Kisha ujisajili kwa masomo mawili tu muhula ujao, uyamalize.