Nilivyompigia kampeni mgombea wa ofisi ya misitu

Ndugu mwanzisha uzi, umeuliza kama kuna faida kumpigia kampeni mtu anayegombea ofisi ya misitu ya umma, wakati wapiga kura wengi hawajui hata kama ofisi hiyo ipo. Nilifanya hivyo mwaka 2024 katika jimbo la Washington, Marekani, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Huko anayeshika ofisi hiyo huitwa Kamishna wa Ardhi za Umma, na huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka 4. Idara yake husimamia zaidi ya ekari milioni 2 za misitu ya udhamini: miti huuzwa kwa mnada, na fedha huenda kwenye ujenzi wa shule na huduma za kaunti. Idara hiyohiyo hupambana na moto wa msituni.

Mimi nilivutwa na msitu mmoja niliozoea kutembea. Siku moja nikakuta miti imepigiliwa vibao vya mpaka wa mnada. Haukuwa msitu wa tangu asili. Ulikatwa zamani, ukajiotea wenyewe kabla ya enzi ya kupanda miti kwa safu, na sasa una miti minene kwa myembamba, magogo yanayooza, na ndege wa kila namna. Niliumia sana. Nikaanza kutafuta ni nani anayeamua, nikakuta kwamba mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema idara hailazimiki kufukuzia mapato makubwa kuliko yote. Ina hiari. Basi nikaona kumbe anayekaa kwenye kile kiti ana uzito kuliko nilivyodhani.

Nikamuunga mkono Dave Upthegrove, aliyeahidi kulinda ekari 77,000 za misitu ya aina hiyo. Kura za mchujo zilikuwa na wagombea 7, na wawili wa juu tu ndio huvuka kwenda uchaguzi mkuu wa Novemba, bila kujali chama. Wagombea wa chama chake, Wademokrati, walikuwa 5, kura zao zikatawanyika, naye akabaki akigombea nafasi ya pili kwa tofauti nyembamba mno.

Hapo ndipo nilipofanya kazi yenye maana. Kule watu hupiga kura kwa posta, na sahihi kwenye bahasha isipolingana na iliyo kwenye kumbukumbu, kura huwekwa kando mpaka mwenyewe airekebishe sahihi hiyo kabla ya siku ya mwisho. Tulipewa orodha, tukagonga milango. Mama mmoja alikuwa amevunjika mkono, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Kijana mmoja alisahau kabisa kusaini. Wote wawili hawakujua kwamba kura zao hazijahesabiwa! Sikuwauliza walimchagua nani. Niliwaonyesha tu cha kufanya. Baada ya kuhesabu upya, Upthegrove alivuka kwa kura 49 kati ya takriban milioni 1.9. Novemba akashinda.

Lakini usiende kwenye milango ya watu ukidhani wanaopinga hawana hoja. Mzee mmoja aliyekata miti maisha yake yote aliniambia, "Shule ya wajukuu zangu inajengwa na miti hiyo." Sikuwa na jibu, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo, kila mgombea wa nafasi hii namuuliza kwanza: miti hii isipouzwa, wilaya ndogo za vijijini zitapata wapi fedha? Akijibu kwa maneno matamu tu, simpi muda wangu, hata kama anaipenda misitu kama mimi.

Januari 2025, mara tu alipoapishwa, Kamishna mpya alisimamisha kwa miezi 6 uuzaji wa miti kwenye baadhi ya misitu ya aina ile iliyojiotea yenyewe. Wiki ile nilirudi kwenye msitu wangu. Vibao vilikuwa bado vimepigiliwa, na miti yote ilikuwa imesimama.