Meli ya watu elfu saba, na vile utaepuka foleni

Tangu niweke picha za kruaziere (safari ya starehe kwa meli) kwa statut yangu, hapa Bukavu swali njo hilo hilo kila siku: kwa meli kubwa vile watu hawabanani? Wanabanana, ndugu zangu, lakini si mahali munawaza.

Tuanze na ukubwa. Titanic ilikuwa na mita 269 na tani 46,000 na kitu. Icon of the Seas, meli ya kruaziere iliyojengwa Turku kule Finland na kuanza kubeba watu kutoka Miami Januari 2024, iko na mita karibu 365, etaji 20, tani zaidi ya 248,000. Hizo tani si uzito, ni kipimo cha nafasi iliyo ndani ya meli, shika hapo, juu njo penye siri. Wakihesabu watu wawili kwa kila chumba inabeba 5,610, vitanda vyote vikijaa wanafika 7,600, bado wafanyakazi 2,350. Gawanya tani kwa wale 5,610, unapata kama 44 kwa mtu. Sovereign of the Seas ya 1988, kubwa kuliko meli zote za kruaziere wakati ule, ilikuwa tani kama 73,000 kwa watu karibu 2,300, yaani 32. Kumbe kwa karatasi mtu wa leo ana nafasi zaidi!

Kwa karatasi, nasema. Juu siku hizi kampuni nyingi zinakata sehemu ya meli, pisini yake, resto yake, mlango wake, ni ya wale waliolipa vyumba vya bei kali, na nafasi hiyo inahesabiwa kwenye zile tani kama vile ni ya wote. Sisi wengine tunagawana inayobaki. Kwa hiyo ukiwa unachagua meli usiangalie tu urefu na matoboga, fanya hiyo hesabu ya kugawanya, halafu uliza kama kuna sehemu zimefungwa. Na usiende wakati wa vakansi za watoto wa shule, ni wakati ule vitanda vya tatu na vya nne vinajaa na ile 5,610 inakimbilia 7,600.

Yetu ilikuwa ndogo kuliko hiyo, tulipandia Barcelona, mimi na yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anayeishi Bruxelles (ni yeye alilipa, Mungu amubariki). Nilichoona ni kwamba watu hawajai meli nzima, wanajaa saa. Saa tatu asubuhi bifé ni soko la Kadutu siku ya jumamosi, sahani mkononi unatafuta kiti unazunguka mpaka mayai yamepoa, na wakati huo huo ile resto ya kukaa na kuhudumiwa, ambayo bei yake iko tayari ndani ya tiketi, meza ziko tupu juu watu wanafikiri ni ya kulipia. Kula kule. Pisini nayo, siku meli iko baharini mutu hawezi ata kunyoosha mguu, ila siku imefika bandari na watu wameshuka kutembea, maji yote ni yako. Kama umeishaona mji ule, baki. Asanseri usisubiri, chukua ngazi, kama magoti yanakubali.

Kwenye bandari njo kuna mchezo mwingine, juu meli haifiki peke yake. Mji wa watu wachache unapokea meli tatu nne asubuhi moja. Serikali ya Italia ilifukuza meli kubwa kwenye mfereji wa Giudecca kule Venice tangu Agosti 2021, Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ikaweka kikomo cha wageni 8,000 wa meli kwa siku mwaka 2025. Bandari nyingi zinatoa ratiba ya meli mapema kwenye intaneti, angalia tarehe yako iko na meli ngapi kabla hujalipa.

Najua mutu wa Kivu akisikia "meli imejaa" anawaza kitu kingine. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilizama Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, imetoka Minova, imepakia kupita kiasi, na hatutasahau. Kwa meli za kruaziere kujaa ni kero, si kifo, juu kila mtu yuko kwenye orodha na nafasi yake ya kuokolewa inajulikana. Tangu ajali ya meli Costa Concordia, Italia, Januari 2012, waliokufa 32, mazoezi ya usalama lazima yafanyike kabla ya kutoka au mara tu meli inapotoka. Nenda kwenye mazoezi, usijifungie chumbani eti umechoka.

Viza: kama meli inatoka Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja), mfano inapita Tunis, halafu inarudi, omba ya kuingia mara nyingi. Ya mara moja haikurudishi ndani.

Siku ya mwisho, kama unaweza kubeba valizi yako mwenyewe, usiiache nje ya mlango usiku vile wanaomba. Kwa meli nyingi wanaobeba wenyewe wanatoka wa kwanza, wengine wanakaa kwenye ngazi wanangoja rangi ya lebo ya valizi zao iitwe.